Hereni, kibuyu na shavu la sato

Mwaka wa kwanza nilipopeleka vitu vyangu kwenye maonyesho, kuna baba mmoja alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu, mikono nyuma. Akaangalia pembe, akaangalia kibuyu, akaangalia shanga, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Dawa ya biashara unayo?"

Nikamwambia, "Baba, mimi nauza hereni."

Akakitazama tena kibuyu. Akanitazama mimi. Akasema "Haya," akaondoka, na kwa jinsi alivyogeuka nyuma mara mbili nilijua hajaniamini.

Kama hujawahi kuishi Usukumani, nikueleze. Pembe ya ng'ombe, kibuyu chenye shingo ndefu, na shanga nyekundu, nyeusi na nyeupe, vikikaa pamoja juu ya kitambaa chekundu, hapo ni kwa mganga. Mimi nilikuwa nimeweka vyote, tena kwa mpangilio mzuri, nikidhani ndio ubunifu. Siku nzima nilishangaa mbona watu wazima kuliko mimi wananisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida halafu hawagusi kitu. Jioni nilikuwa nimeuza pea mbili za hereni, na moja kati ya hizo alinunua mdogo wangu kwa kunionea huruma.

Miaka imepita tangu siku ile. Bado natengeneza vilevile: bangili, hereni, pete na mikufu ya pembe za ng'ombe, waya wa shaba na shanga, hapa uani kwetu Kirumba, Mwanza. Majirani wamezoea kelele za msumeno. Harufu hawajaizoea, maana pembe ikikatwa inatoa harufu ya nywele zinazoungua, na si ajabu, pembe na nywele na kucha zote ni kitu kimoja. Kilichobadilika ni meza. Dada mmoja anayefuma vikapu aliniomba nimweleze ninavyoipanga meza yangu, nikaanza kumwandikia ujumbe kwenye simu, ujumbe ukawa mrefu mpaka nikaona aibu kuutuma. Basi nauweka hapa.

Nianze na samaki.

Jirani na kwetu kuna mama anauza sato wabichi. Hapigi kelele za kuita wateja kama wenzake. Ukisimama tu mbele ya beseni lake, anamnyanyua sato mmoja, anamfunua shavu kwa kidole gumba ili uone wekundu wa ndani, kisha anambonyeza tumboni, nyama inabonyea na kurudi. Hasemi neno. Anamrudisha kwenye beseni, anakuangalia. Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka kabla sijamuuliza kwa nini anajisumbua hata kwa mtu ambaye hajauliza chochote. Akanijibu, "Mwanangu, mteja wa samaki ana swali moja tu, huyu ni wa lini. Akilitoa mdomoni ujue ameshaanza kunishuku. Namjibu likiwa bado tumboni."

Nilirudi nyumbani nikaketi na kujiuliza: mteja wa hereni ana maswali gani tumboni? Na meza yangu inamjibu, au inamuuliza maswali mengine ya waganga?

Swali la kwanza, na kwangu mimi ndilo lililoniumiza zaidi, ni hili: hii si plastiki kweli? Pembe ukishaipiga msasa vizuri, ukaanza na namba 120, ukaja 400, ukamalizia na 800 yenye maji, halafu ukaipaka nta na kuisugua kwa kitambaa, inang'aa mpaka inajisaliti. Inafanana kabisa na bangili za dukani za elfu moja. Nilikuwa nasema kwa mdomo, "Ni pembe halisi, dada," na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyoonekana mwongo. Sasa sisemi. Mwanzo wa meza, upande ambao watu wengi wanatokea, nimeweka vitu vinne kwa mstari. Cha kwanza ni pembe ghafi kama ilivyotoka machinjioni, na nywele kidogo zimebaki kwenye shina. Cha pili ni pembe iliyochemshwa, na pembeni yake ule mfupa wa ndani uliochomoka. Cha tatu ni kipande kilichokatwa kwa msumeno, kigumu, chenye mikwaruzo, rangi ya vumbi. Cha nne ni bangili.

Basi. Hakuna maandishi wala maelezo. Watoto ndio wa kwanza kuikamata pembe ghafi, wanaipuliza, wanaigonga mezani, mama zao wanasema "acha!" huku wao wenyewe wanaipokea na kuigeuzageuza. Na mtu akishashika pembe kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unaifuata bangili wenyewe.

Siku moja mzee mmoja mfugaji, kofia kichwani na fimbo mkononi, aliichukua ile pembe ghafi akaanza kuhesabu kwa kucha mikunjo iliyo karibu na shina. Akasema, "Huyu alizaa mara tano." Watu wakasogea. Akawaeleza kwamba ng'ombe jike akibeba mimba na kunyonyesha, mwili unaipunja pembe, na hapo panabaki mkunjo. Akaendelea mpaka akafika kwenye rangi ya yule ng'ombe na tabia zake, na hapo nadhani alikuwa anatia chumvi. Hakununua kitu, wala sikutegemea anunue. Lakini aliniwekea watu wanane mbele ya meza kwa robo saa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za plastiki.

Rangi ya kitu kilichoko chini ya pambo nayo ina mchango wake kwenye swali hilohilo. Kitambaa cheusi cha mahameli, kile tunachokiona kwenye maduka ya sonara, kinafaa dhahabu. Pembe yangu nyingi ni nyeusi na kahawia, nikiiweka juu ya cheusi inazama, unabaki unaona mng'ao tu, na mng'ao peke yake ndio plastiki yenyewe. Nikahamia kwenye ungo. Ungo wa kawaida wa kupepetea, mpya, rangi ya majani makavu. Juu yake pembe inaonyesha michirizi yote, hata zile sehemu nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Shaba ni kinyume chake, inataka kitu cheusi au kijivu. Na kijivu kipo bure Mwanza, ndiyo rangi ya mji mzima. Nilikwenda kwa kina mama wanaopasua kokoto mlimani nikawaomba wanitafutie mabapa ya mawe, mapana kama sahani, upande mmoja umepasuka vizuri. Walinicheka. Waya wa shaba juu ya jiwe lile, jua la saa nne asubuhi likipiga, unaonekana kama moto. Tena jiwe linafanya kazi ya pili, ambayo nitaifikia sasa hivi, kwa sababu siwezi kuzungumzia meza ya Mwanza bila kuzungumzia upepo.

Asubuhi ziwa limelala. Unafika uwanjani saa mbili, unapanga vitu vyako kwa utulivu, unapiga picha, unajisifu. Jua likishapanda, nchi kavu inapata moto upesi kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda, na ile ya baridi kutoka ziwani inakuja kujaza nafasi. Kwa hiyo kuanzia mchana, hasa miezi ya kiangazi ambayo ndiyo yenye maonyesho mengi, upepo unakuja kila siku kama vile una miadi. Mimi nilijifunza hilo Nyamhongolo kwenye Nane Nane, kwenye saa nane hivi mchana. Nilikuwa na ubao mkubwa wa plaiwudi niliousimamisha mezani, umefunikwa kitambaa, na kadi arobaini za hereni zimebandikwa. Ulikuwa mzuri kweli. Upepo uliuchukua kama tanga. Kadi ziliruka mpaka banda la jirani, na jirani alikuwa anaonyesha mashine ya kukamua alizeti. Hereni za shaba zenye mafuta ya alizeti zinang'aa sana, lakini kadi zake hazifai tena.

Tatizo la ubao ni kwamba unashindana na upepo. Wavu haushindani, unauacha upite. Wazo hilo nililipata pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, nikiangalia nyavu zilizoanikwa zikipepea bila kuangusha hata mti zilipotundikwa, na nilijiona nina akili nyingi sana. Nikaomba kipande cha wavu wa dagaa kwa jirani yetu mvuvi, wavu mkuukuu, bure. Nikampa fundi seremala shilingi 12,000 anitengenezee fremu mbili za mbao zilizounganishwa kwa bawaba, ili zisimame zenyewe kama kitabu kilichofunguliwa. Nikaupigilia wavu. Nikatundika hereni.

Kwanza, harufu. Nilikuwa nimeuloweka kwa sabuni ya unga na ndimu, nikauanika juani siku tatu, na ndani ya nyumba haukunuka kabisa. Jua la uwanjani lilipoupiga, dagaa wote waliowahi kupita pale walirudi. Mwanadada mmoja, nadhifu, kucha zimepakwa, alijaribu hereni mbele ya kioo, akatabasamu, kisha nikaona pua yake inafanya kazi. Akazivua taratibu, akazinusa, akaziweka chini. Hakusema kitu, na mimi pia sikuwa na la kusema.

Pili, macho ya wavu wa dagaa ni madogo mno. Ndoano ya hereni inaingia vizuri, kutoka ndiyo kazi. Kuchomoa pea moja kulinichukua dakika nzima huku mteja anasubiri, na mara mbili nilipinda ndoano. Nikahamia wavu wa sangara, ule wa inchi 6. Huu macho yake ni mapana kama sahani ya chai, haunuki sana, na unapendeza, unaleta ziwa mezani bila kulileta na samaki wake. Lakini hereni zikitundikwa pale zinacheza ngoma. Upepo kidogo tu, ya kushoto imehamia kwa jirani, ya kulia imejifunga kwenye fundo.

Niliuacha wavu wa sangara uwe pambo tu, na nyuma yake nikapitisha nyaya za shaba kutoka upande mmoja wa fremu mpaka mwingine, kama kamba za kuanikia nguo. Kila waya nimeupinda kwa koleo vikunjo vidogo kumi na viwili, kila kikunjo kinakaa ndoano moja, haitelezi kulia wala kushoto. Pea sita kwa mstari. Sio saba, sio tano. Nikigeuka kumhudumia mtu kisha nikarudisha macho nikaona pengo, najua papo hapo kuna pea imetoka, na ninajua ni ipi. Hii nayo ni akili ya wauza dagaa wenye mafungu: fungu likiwa sawa na mwenzake, jicho linahesabu lenyewe. Juu ya miguu ya fremu naweka yale mabapa ya mawe. Tangu hapo haijaanguka, ila siku moja iliangushwa na mbuzi, na hilo siwezi kuliwekea mpango.

Urefu wa meza. Meza nyingi za kukodi zinafika kama sentimita 75, yaani ni meza za kulia chakula ukiwa umekaa. Mteja wa maonyesho amesimama, amebeba mkoba, pengine na mtoto mgongoni. Kuinama ni kazi, na mtu haanzi kazi kwa ajili ya kitu ambacho hajakipenda bado. Kwa hiyo nyuma ya meza nimeweka kreti mbili za soda zimesimama wima, na juu yake nimelaza kasia. Kasia la kweli, lililochoka, nililolinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa ameacha uvuvi. Mpini wake nimevalisha bangili kama ishirini, kubwa kwa ndogo, na zinakaa usawa wa kifua. Mtu ananyoosha mkono tu. Kuichomoa bangili kwenye mpini kunafanana na kuivua mkononi kwa mtu, na ukishaivua umeshaijua ukubwa wake. Wavuvi wanaipenda sehemu ile kuliko wake zao wanavyoipenda. "Kasia liko mezani, mtumbwi uko wapi?" aliniuliza mmoja. Nikamwambia mtumbwi umekwenda kuleta wateja.

Turudi kwenye kibuyu. Sikukitupa.

Swali ambalo mteja analo tumboni kuliko yote ni hili: nikivaa mimi, itakuwaje? Mkufu uliolazwa mezani haujibu swali hilo. Mkufu uko shingoni, una mteremko, unajikunja kwenye mfupa wa bega. Yale masanamu ya shingo ya mahameli yanauzwa ghali na hayana rangi ya mtu yeyote ninayemjua. Kibuyu kina rangi yetu. Kina shingo. Ukikichagua vizuri kina hata mabega. Kosa langu halikuwa kibuyu, kosa lilikuwa jamaa nilizokiweka nazo. Niliondoa kitambaa chekundu nikaweka kitenge cha bluu chenye maua makubwa, na kipande cha kitenge hichohicho nikakifunga kibuyu mabegani kama mtu aliyejitanda. Nilikijaza mchanga kisipeperuke. Shingoni, ambapo mkufu ulikuwa unateleza, nikazungusha uzi wa katani mara tatu ili ushike. Halafu nikakitundikia bei: 18,000. Hii ndiyo iliyomaliza kesi, maana mganga haandiki bei.

Bei yenyewe sina mengi ya kusema. Andika. Kila kitu, kwa kalamu nene, kwenye kipande cha boksi. Najua kuna wanaosema ukiandika bei mteja anakimbia. Anayekimbia bei iliyoandikwa angeikimbia hata ukiitamka, tofauti ni kwamba ungemwaibisha kwanza. Na mbele kabisa weka kikapu cha buku tano, vitu vidogo, vile ambavyo mwanafunzi anaweza kununua bila kwenda kushauriana na mtu.

Lakini kuhusu vioo nina mengi. Mwanzo nilikuwa na kioo kimoja kidogo cha mkono. Mteja anakishika kwa mkono mmoja, hereni kwa mkono wa pili, nywele anazisogeza kwa mkono gani? Nikawa namshikia mimi, na mtu hawezi kujitazama kwa uhuru wakati muuzaji amesimama sentimita thelathini kutoka usoni mwake, anatabasamu. Jibu lilipita mbele yangu likipiga honi: saiti mira za bodaboda. Zina shina la chuma, zinazunguka pande zote, mrefu anaivuta juu, mfupi anaishusha, mtoto anaipindua anavyotaka. Nikanunua nne zilizotumika kwa fundi pikipiki, nikazifunga kwenye nguzo ya banda kwa vibano, mbili juu mbili chini.

Wiki ya kwanza zilichekesha watu, na hakuna aliyenunua. Sikuelewa mpaka nilipojitazama mwenyewe kwa makini. Kioo cha pikipiki kimevimba kidogo, ndiyo maana kinaonyesha barabara nzima nyuma yako. Uso ukiwa karibu kinaufanyia hivyohivyo: pua inakuja mbele, masikio yanakimbilia mbali na kuwa madogo. Unajaribu hereni kwenye kioo kinachoficha masikio! Nikazipeleka kwa fundi vioo, akatoa vile vilivyovimba, akakata vya kawaida kwa umbo lilelile akavibandika. Sasa watu hawachezi nazo, wanazitumia. Nimeona dada mmoja akizipanga zote nne ili ajione mbele, pembeni na kisogoni kwa pamoja. Alikaa dakika kumi. Alinunua pea tatu.

Pete zilinitesa kwa namna nyingine. Nilisoma mahali kwamba pete zikichomekwa kwenye bakuli la mchele zinasimama vizuri, na ni kweli zinasimama, na mchele mweupe unaonyesha shaba na pembe kwa usawa. Nikaweka bakuli zuri la udongo, kilo moja ya mchele. Akaja bibi mmoja, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia vizuri kabisa. Kisha akaliona bakuli. Akachomoa pete moja baada ya nyingine, akaziweka pembeni kwa mstari, pete kumi na nne, bila haraka. Akaniambia, "Mwanangu, chakula hakichezewi." Akainua bakuli kunipa mikononi, kama mtu anayekukabidhi mtoto. Nilimshukuru, "Wabeja, mayu," nikaliweka chini ya meza, na jioni tuliupika ule mchele, ulikuwa na ladha ya nta.

Siku hizi natumia mchanga mnene wa ziwani, niliouosha, nikauchekecha na kuukaanga kwenye sufuria mpaka ukauke kabisa. Ukiwa na unyevu kidogo unaganda kwenye mikunjo ya pete. Haupendezi kama mchele, nakiri. Ila bibi yule alirudi mwaka uliofuata, akaangalia bakuli, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na safari yake.

Maonyesho yakienda mpaka usiku, jambo la taa linaingia. Taa nyeupe kali ya duka, ile ya bluubluu, usiitumie kabisa kwa pembe, inairudisha kwenye plastiki. Taa ya njano inaipa joto, na shaba inakuwa kama imetoka kwenye makaa. Na kwetu hapa kuna sababu ya pili: wadudu wa ziwani. Karibu na maji, usiku wa giza, wakiamua kutoka wanakuja kama moshi, wanatua kwenye kila kilichoangaziwa, na wakikanyagwa wanaacha doa. Taa ya njano wanaipenda kidogo kuliko nyeupe. Mimi nafanya kama wavuvi wa dagaa, ila kinyume chao. Wao wanawasha taa ili dagaa waje, mimi natundika taa moja nyeupe ya sola mbali, nyuma ya banda, juu ya mti, wadudu waende huko. Si wote wanaokwenda. Waliobaki nawafuta.

Jambo la mwisho halihusu vitu. Nilikuwa nakaa nyuma ya meza, katikati, naangalia simu, na mtu akisogea nanyanyua uso ghafla. Sasa nakaa pembeni, kwenye kigoda, na koleo mkononi, napinda waya. Watu wanaogopa macho ya muuzaji, lakini mikono inayofanya kazi wanaweza kuitazama wanavyotaka. Wanasogea kuangalia mikono, na wakiwa wanaangalia mikono, viwiko vyao viko mezani.

Ukishapanga yote haya ujue jioni utayapanga upya, ndani ya bajaji. Kipimo changu ni hicho: kama hakiingii kwenye bajaji moja pamoja na mimi, hakiendi kwenye maonyesho. Fremu zinafungwa kama kitabu, zinakaa nyuma ya kiti. Hereni zinabaki humohumo kwenye nyaya zake, nimezizungushia khanga. Mchanga uko kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Kreti ndizo sanduku, zimejaa bangili, vioo na ungo. Kasia linatoka nje upande mmoja, na kila dereva analalamika. Kibuyu nakipakata.

Juzi dereva alinitazama kwenye kioo chake tangu Nyamhongolo mpaka karibu na Buzuruga bila kusema neno. Kitenge kilikuwa kimemtoka kibuyu, nilikuwa nimechoka kukirudisha, na ile pembe ghafi ilikuwa imechungulia kwenye kreti. Mwishowe akauliza, kwa adabu sana:

"Mama, samahani, hicho kibuyu kina kitu ndani?"

"Mchanga," nikamwambia.

Akanyamaza. Nikaona anafikiria ni mchanga wa wapi. Nikafungua khanga, nikachomoa pea moja ya hereni kwenye waya, nikampitishia mbele akiwa amesimama kwenye taa. Akaigeuza, akasoma boksi nyuma.

"Elfu nane?"

"Elfu nane."

"Na nauli tuliyopatana ni ngapi?"

Tukaanza hesabu.